Goti la Mwalimu Klachi

Mwalimu Klachi alikuwa anafundisha udereva, na kwa muda sasa wanafunzi wake walikuwa hawamalizi. Si kwamba walikuwa wabovu, la hasha! Walikuwa madereva safi, wanaokata kona kwa adabu na kurudi nyuma bila kugusa ukuta. Lakini kila walipouliza habari ya mtihani, mwalimu alijikuna kidevu, akatazama mawingu, akasema, "Bado kidogo." Hiyo bado kidogo ilikuwa imeshaota ndevu.

Na masomo yenyewe yalikuwa na mambo. Muuza nyama, mwanafunzi wa asubuhi, alifundishwa kuegesha mbele ya duka la kinyozi, na wakati yeye anahangaika na usukani, mwalimu alikuwa ndani ananyolewa. Karani wa posta alifundishwa kuendesha na mzigo, mzigo wenyewe ukiwa gunia la mkaa la nyumbani kwa mwalimu. Kulikuwa hata na somo la kuendesha kwa heshima, lililoanzia getini kwake na kuishia ukweni, siku mama mkwe alipougua. Mwalimu alikaa kiti cha pembeni, mguu juu ya ile breki ya pili ambayo magari ya kufundishia huwa nayo, akapelekwa kila alikotaka.

Ukweli, na tuuseme haraka kabla hajatusikia, ni kwamba Mwalimu Klachi alikuwa anaogopa kuendesha gari.

Ilianza siku moja ya mvua. Alikuwa peke yake, anashuka mteremko wa sokoni, na mbele yake lori limebeba magodoro. Lori likasimama ghafla. Mwalimu akakanyaga breki, gari likaserereka, likaserereka, likasimama. Kati ya boneti yake na magodoro pangepita kiganja cha mtu, basi. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyepiga kelele, na dereva wa lori hakujua hata kilichotokea nyuma yake. Tena hata angegonga, jamani, si angegonga magodoro! Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini nyoka wa Mwalimu Klachi alimpita kando, akaenda zake.

Usiku ule alilala vizuri. Asubuhi alipokaa nyuma ya usukani, mikono ikawa ya baridi, kijasho chembamba kikamtoka, moyo ukamdunda, pumzi ikawa fupi. Akajua ndiyo basi, anakufa, tena uani kwake, gari lenyewe halijawashwa. Akatoka, akakaa chini karibu na tairi, na baada ya muda akajikuta hajafa.

Alikwenda zahanati mbio. Daktari akampima huku na huku, akavua vifaa vyake masikioni, akasema, "Moyo wako mzima kabisa, mzee wangu. Ulichonacho ni wasiwasi. Ulitishika, na mwili haujaamini kwamba hatari imepita. Huwapata wengi, na hutibika. Kuna mshauri hapa kila Alhamisi, njoo mzungumze."

"Wasiwasi? Mimi?"

Aliondoka pale amenuna kama mtu aliyenyimwa ugonjwa. Angepewa shinikizo la damu, angelipokea kwa mikono miwili. Lile lina jina, lina vidonge, na wazee wenzake wote wanalo. Sasa wasiwasi aende akawaambie nini watu? Mwalimu wa udereva anayeogopa usukani ni sawa na kinyozi anayezimia akiona wembe. Kwa hiyo, alipofika nyumbani na mkewe kumuuliza daktari kasema nini, alijibu bila kupepesa macho: "Goti. Kasema nisikanyage pedali kwa muda."

Goti lile lilitunzwa, hasa! Kila jioni mkewe alipasha maji, akaleta dawa ya kuchua. Shida ni kwamba goti la uongo halina kumbukumbu. Leo mwalimu alinyoosha mguu wa kulia, kesho wa kushoto, na mkewe alichua tu lile aliloletewa, kimya, na kicheko amekibana kwenye kona ya mdomo. Yeye mwalimu alidhani mambo yake yamemnyookea.

Katika wanafunzi wote, aliyemtegemea zaidi alikuwa mama mmoja aliyestaafu kufundisha darasa la kwanza, watu wakimwita Bibi Mwalimu. Marehemu mumewe alimwachia gari dogo, likawa limekaa uani mpaka kuku wakalifanya nyumba ya kutagia, na mama wa watu akaapa atajifunza kuliendesha ili awe anamtembelea dada yake. Siku za kwanza alikuwa anatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinatikisika. Siku ya kupanda mlima wa kanisani alilia kabisa, anauliza kila baada ya kidogo, "Mwalimu, mguu wako upo kwenye breki?" Na Mwalimu Klachi akawa anamjibu kama anavyowajibu wote: "Mguu wangu upo. Wewe twende." Bibi Mwalimu akapanda mlima, akafika juu, akapiga vigelegele peke yake. Siku hizi anaendesha kwa utulivu ambao mwalimu wake angeulipia. Lakini mtihani, bado kidogo. Alipodai kuambiwa kosa lake ni lipi, aliambiwa anajiamini mno.

Basi mambo yakaenda hivyo, mpaka simu ikapigwa kutoka hospitali kuu.

Alikuwa binti yake, mtoto wao wa pekee. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, salama, ila mtoto mdogo kidogo, na madaktari wanataka akae hapo wiki mbili aongeze uzito. Mumewe yuko kazini mbali, hatarudi mwezi huo. Nyumba nzima ikajaa furaha. Mke wa mwalimu akaruka, akaimba, akampa mumewe simu.

"Baba," binti akasema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu, "siku ya kutoka uje utuchukue mwenyewe. Usinitumie teksi, nakuomba. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala kiti cha nyuma tangu nyumbani mpaka shuleni, na sikuwahi kushtuka hata mara moja. Nataka na huyu alale hivyo hivyo."

"Mimi tena!" akajibu Mwalimu Klachi, kifua mbele. "Nani mwingine?"

Simu ilipokatika, kifua kikarudi ndani. Usingizi ulimpaa. Kila akifumba macho aliona magodoro.

Kulipokucha alikuwa na mpango. Alipanda gari pembeni ya Bibi Mwalimu, akafunga mkanda, akatangaza, "Leo somo ni njia ya hospitali kuu. Nataka uijue kona kwa kona. Baada ya wiki mbili tutaifanya na abiria."

Bibi Mwalimu akawasha gari, wakaondoka. Walipofika kwenye uwanja mtupu ambako wanafunzi wapya huanzia, akaingiza gari uwanjani, akavuta breki ya mkono, akachomoa ufunguo, akauweka kwenye mkoba wake. Kisha akafunga zipu ya mkoba.

"Mwalimu," akasema, "goti linaendeleaje?"

"Linauma."

"Lipi?"

Mwalimu Klachi akaweka mkono juu ya goti la kushoto.

"Juzi lilikuwa la kulia."

"Linahama."

"Linahama!" Bibi Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. "Hee! Goti linalohama! Mwenzangu, umenichekesha leo." Akaipandisha miwani, akamgeukia. "Nisikilize. Darasa la kwanza kuna ugonjwa unaitwa tumbo la Jumatatu. Mtoto kuna hesabu hajaielewa, anaamka tumbo linamuuma. Na usidhani anadanganya. Linamuuma kweli, mpaka anatoka jasho. Mimi nilikuwa simgombezi. Namuuliza tu, hilo tumbo linaogopa nini? Sasa nakuuliza na wewe. Hilo goti linaogopa nini?"

"Tangu lini mwanafunzi akamhoji mwalimu?" Mwalimu Klachi akafoka. "Lete ufunguo. Na mtihani usahau!"

"Nimeshausahau. Si ulinisahaulisha wewe?"

Mwalimu akafungua mdomo aendelee kufoka, lakini mdomo ukaanza kumchezacheza. Akageuza uso dirishani. "Naogopa," akasema. "Naogopa, Mwalimu. Nikishika usukani naona kabisa nakufa. Nimewafundisha nusu ya mji huu kuendesha, na sasa gari langu mwenyewe siliwezi. Na binti yangu kaniomba niende mimi mwenyewe kumtoa hospitali na mjukuu wangu." Na hapo machozi yakamshinda, mtu mzima na kitambi chake. Alikuwa ameyabeba peke yake tangu siku ya magodoro, na aliposema alihisi aibu, na chini ya aibu akahisi nafuu.

Bibi Mwalimu hakumpapasa wala hakumwambia nyamaza. Alitazama ng'ombe waliokuwa wanakula majani ng'ambo ya uwanja, akawatazama kwa makini sana, mpaka mwenzake alipomaliza kupenga kamasi.

"Utawachukua wewe," mwalimu akasema. "Unaendesha vizuri."

"Ahaa, leo naendesha vizuri!"

"Si unajua methali? Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Naijua, nimeisahihisha kwenye madaftari sana. Ila kwako naona kilio kimetangulia, na shujaa mwenyewe hajafika." Akafungua zipu, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mwalimu. "Ukitaka niwachukue, nitawachukua, kwangu si kazi. Lakini binti yako hakuniomba mimi. Tufanye hivi: zahanati kuna mshauri kila Alhamisi, uende ukamwone. Na kila asubuhi tuje hapa tubadilishane viti. Nitakaa hapo kwako, mguu kwenye breki yako."

Alhamisi Mwalimu Klachi alikwenda, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi asijulikane, akasalimiwa na kila mtu kwenye benchi kwa jina lake. Mshauri alikuwa msichana wa umri wa binti yake. Alipomuuliza kinachomsumbua, mwalimu akasema goti, na kwa muda mrefu wakazungumza habari za goti. Mwishowe akachoka mwenyewe, akayasema yote. Msichana hakucheka, hakushangaa. Alimwambia woga hupanda, na ukifika kileleni hushuka wenyewe, ila yeye kila unapoanza kupanda anaruka nje ya gari. Kwa hiyo mwili wake umeshika somo baya: unaamini kuruka ndiko kunakomwokoa.

"Nikikaa je?"

"Ukikaa, woga utapanda, utakutisha kweli, halafu utashuka. Anza na mlima mdogo. Pumua polepole, na usishindane nao."

Mwalimu Klachi akapiga paja. "Kumbe ni mlima tu! Si ndiyo hiyo nawaambia wanafunzi? Ukiwa mlimani usitupe klachi, usikimbilie mafuta. Tulia pale inaposhika, gari litajishikilia lenyewe." Akamweleza mambo ya klachi mpaka muda wao ukaisha, na ikabainika kwamba mshauri mwenyewe hajui kuendesha. Nusura amwandikishe.

Lakini kuelewa ni jambo moja na kukaa kwenye kile kiti ni jingine. Asubuhi ya kwanza pale uwanjani alishika usukani tu, gari limezimwa, anapumua kwa sauti kama mtu anayepuliza jiko. Asubuhi ya pili aliliwasha, akalizima, akaliwasha. Siku iliyofuata lilitembea, kwa mwendo ambao kuku angelipita. Muuza nyama akapita na baiskeli yake, akasimama, akatazama kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, akamtazama aliyeshika usukani, akakitazama tena kibao.

"Mwalimu, kulikoni?"

"Najifunza," akajibu Bibi Mwalimu kutoka kiti cha pembeni, "jinsi ya kufundisha."

Muuza nyama alipoondoka, Mwalimu Klachi alitaka kibao kile kishushwe. Bibi Mwalimu akakataa. "Humu ndani mwanafunzi yumo, au hayumo?" Kibao kikabaki.

Na kila mara moyo ulipoanza mbio, mwalimu aliuliza bila kugeuka, "Mguu upo?" Naye akajibiwa, "Upo. Wewe twende." Siku nyingine woga ulipanda mpaka akasimamisha gari katikati ya uwanja na kufunga macho. Lakini hakutoka nje. Alikaa, akalaani magodoro yote duniani, na baada ya muda mikono ilirudi kuwa ya kwake. Wakatoka uwanjani, wakaingia barabara ya nyuma, kisha barabara kubwa. Mteremko wa sokoni ndio hawakuugusa. Kila walipoukaribia, mwalimu alikumbuka njia nyingine nzuri zaidi.

Siku ya siku ikafika. Walikwenda watatu: mwalimu kwenye usukani, Bibi Mwalimu pembeni yake, na mke wa mwalimu nyuma na kanga mpya, akitazama yote yale bila kuuliza swali hata moja. Hilo peke yake lingemshtua mwalimu kama angekuwa na nafasi ya kushtuka. Kwenda walipitia njia ndefu. Hospitalini binti akatoka taratibu, amemkumbatia mtoto aliyefungwa vizuri, uso kama ngumi ndogo. Mwalimu Klachi akamtazama mjukuu wake, na mapenzi na hofu vikamjaa kwa pamoja, asijue kipi ni kipi. Akarudi kwenye usukani haraka kabla miguu haijabadili mawazo. Mkewe akapanga mizigo: mabegi, beseni, chupa za chai, furushi la nguo za mtoto. Milango ikafungwa.

"Baba, mbona kuna kibao cha mwanafunzi?" binti akauliza.

"Bado sijafaulu," akasema Bibi Mwalimu upesi, na hilo halikuwa uongo.

Wakaondoka. Njia ndefu, ile ya kukwepa, ilikuwa imefungwa. Watu wa maji walikuwa wameichimba tangu adhuhuri. Kilichobaki kilikuwa mteremko wa sokoni.

Mwalimu Klachi aliuona unakuja. Mikono ikawa ya baridi, kijasho kikamtoka, moyo ukaanza kugonga mbavu. Mbele yao kulikuwa na lori, na haikujalisha kwamba lilibeba kabichi. Yeye aliona magodoro.

"Mguu upo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Upo."

"Una hakika?"

"Mwalimu, upo. Wewe twende."

Akapumua. Akaacha nafasi kubwa kati yake na lori, kama anavyowafundisha wengine. Woga ukapanda, ukampanda mpaka kooni, na akauacha upande. "Haya, panda," akauambia moyoni, "panda ufike huko, mimi nina mtoto nyuma." Akagusa breki kidogo, akaachia, akagusa tena. Kule juu kabisa, pale ambapo zamani angefungua mlango, akakaa. Na woga, kwa kukosa wa kukimbizana naye, ukaanza kushuka. Walipofika chini, lori la kabichi likakata kulia na kwenda zake. Mwalimu akatazama kwenye kioo. Binti yake alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea dirisha, vilevile kama alipokuwa anavaa sare ya shule. Mtoto naye alikuwa amelala.

Nyumbani gari lilisimama bila hata mmoja wao kuamka. Mwalimu akazima, akashuka, akazunguka upande wa pili kwa heshima zote, akamfungulia Bibi Mwalimu mlango.

"Mwenzangu, sijui nikushukuruje. Bila mguu wako..."

Akainama amsaidie kushuka, ndipo akaona. Chini pale, mbele ya ile pedali ya mwalimu, kulikuwa na furushi la nguo za mtoto, juu ya furushi kuna beseni limefunikwa, na juu ya beseni kuna miguu ya Bibi Mwalimu, imevuliwa viatu, imestarehe.

"Mguu... mguu ulikuwa wapi?"

"Hapo unapouona. Nyuma mkeo hakupata nafasi."

"Nilikuuliza! Kule mteremkoni nilikuuliza, ukasema upo!"

"Uliniuliza, nikakujibu. Na mimi siku ya mlima wa kanisani nilikuuliza mara ngapi? Ukasema upo, upo, wewe twende. Nilipofika juu nikageuka kukushukuru. Ulikuwa umekunja nne, unatafuna njugu."

Mwalimu Klachi akajikuna kidevu. Alikumbuka njugu zenyewe. "Nilikuwa nimeshaona kwamba unaweza," akasema taratibu.

"Enhe," akasema Bibi Mwalimu, akaanza kutafuta viatu vyake.

Mkewe alikuwa ameshuka na mtoto mikononi. "Baba, njoo umpokee mjukuu wako," akasema. "Au goti linakuuma?"

"Goti lipi?"

"Mimi nimejiuliza hivyo hivyo tangu siku ya kwanza nilipolichua," akasema mkewe, na kile kicheko alichokibana siku zote kikamtoka, akacheka mpaka akaegemea gari.

Mwalimu alimpokea mtoto, akamshika kwa mikono yote miwili, na mikono ilikuwa na joto. Machozi yakamdondoka tena, safari hii hadharani, na hakusingizia vumbi. Halafu akamgeukia Bibi Mwalimu, aliyekuwa anafunga kamba za viatu.

"Mtihani wako ni Jumatatu. Nitaongea na wasimamizi kesho."

"Jumatatu!" Bibi Mwalimu akaweka mkono tumboni. "Na huko kwenye mtihani nitapelekwa na nani?"

"Nitakupeleka mimi," akasema Mwalimu Klachi. "Ila kile kibao tusikishushe kwanza."